Kushoto Linatupa Mkia

Tarehe 3 Juni

Kwa mke wangu mkaidi,

Jana ulipiga simu. Shangazi yako alinishikia kwenye sikio, lile zuri, na katika yote uliyosema nimeambulia maneno mawili tu: "mkia" na "sijambo." Hilo la pili sikuliamini. La kwanza limenikalisha kitako. Ndiyo maana naandika. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu, lakini mkono bado unafanya kazi, ingawa mwandiko wenyewe ni wa mtu aliyetoroka darasa la nne akaenda kufungua injini za watu.

Habari za huku: nyonga inaunga polepole. Tangu nilipodondoka kwenye shimo la gereji, shimo nililolichimba mimi mwenyewe, shangazi yako ananilea kama yai. Sukari ameificha. Nimeshaijua ilipo, usimwambie.

Sikuja kumzika mumeo. Hilo unalijua na sababu yake unaijua, walinibeba kuja huku kama kabati. Narudia tu kwa sababu halijanitoka. Miaka yote namwita Mwizi mbele za watu kwa kuniibia mke, naye anacheka na kunijazia chai. Halafu kichwa kinamuuma Jumanne, na Ijumaa watu wanashika majembe. Mtu aliyekaa pembeni yako akikusomea njia kwenye milima yote ile, kona baada ya kona, mawe huku, korongo kule, anakwenda kufia kitandani kama karani mstaafu. Haya.

Sasa mkia. Shangazi yako, ambaye ana masikio na hana ufundi, anasema gari la mbio linatupa nyuma kwenye kona, na wewe unataka kupanda nalo mbio za mlima mwezi wa nane. Nijibu haya. Linatupa kona za kushoto, za kulia, au zote? Ukiingia, katikati, au ukitoka unakanyaga mafuta? Tairi ni zile zile? Nani anakaa kiti cha msoma njia, maana uliniahidi hutaendesha lile gari peke yako? Na mkia unapotoka, tumbo lako linakwambiaje? Fundi wa mbali hana macho, mke wangu. Anaona kwa tumbo la dereva.

Mume wako wa kwanza,
Babu


Tarehe 9 Juni

Babu,

Shikamoo. Barua imefika. Pole na nyonga.

Linatupa kushoto. Katikati ya kona, nikiachia mafuta. Tairi za nyuma nimebadilisha, fundi wa mtaa wa pili alisema ni tairi. Hazikusaidia.

Juzi kwenye kona ya tangi la maji lilizunguka lote. Nilijikuta natazama nilikotoka. Upande ule kuna ukuta wa mawe. Nilipishana nao kama upana wa mlango. Nikazima injini, nikawasha, nikarudi nyumbani. Nikapika, nikala, nikaosha vyombo.

Anayekaa pembeni ni shemeji, mdogo wake.

Tumbo haliniambii kitu.

Mjukuu wako


Tarehe 14 Juni

Mke wangu,

Kwanza malalamiko ya nyumbani. Zamani ulikuwa unaniandikia "mume wangu mzee," unaniuliza meno yamebaki mangapi. Sasa naitwa Babu, kavu, kama mzee wa watu aliyekaa kwenye foleni ya hospitali. Nimeliona hilo. Naliweka pembeni.

Pili, huyo fundi wa mtaa wa pili. Si ndiye anayetengeneza betri? Mtu wa betri akiona gari linayumba atasema tairi, kwa sababu tairi ndiyo kitu pekee anachokiona bila kuinama. Mwambie nimemsalimia.

Gari linalotupa mkia lina sababu zake, na huwa hazivai shela. Anza na za bure. Upepo wa tairi: pima asubuhi gari likiwa baridi, kushoto na kulia ziwe sawa. Kisha lipandishe jeki, ushike gurudumu la nyuma juu na chini, ulitikise kama unavyomtikisa mlevi aamke. Likicheza, beringi au bushi. Bushi tazama kwa tochi, mpira ukipasuka gurudumu linajiamulia njia yake, na gurudumu lenye maoni yake ni balaa kuliko mkwe. Halafu vuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili, uone kama ya nyuma yanatazama nje. Yakitazama nje kama miguu ya bata, umepata ugonjwa. Mwisho shokapu. Kalia buti kwa nguvu, uachie. Nyuma ipande mara moja na kutulia. Ikipandapanda kama mtoto aliyepewa pipi, shokapu imekufa.

Shemeji anasoma njia vizuri? Namkumbuka, mwembamba kama ufagio. Kaka yake ndiye aliyekula chakula cha wote wawili.

Kuhusu tumbo: mtu anazungushwa nusu ya dunia mbele ya ukuta wa mawe, halafu tumbo linanyamaza? Hapana. Sikiliza tena.

Babu yako, ambaye meno yamebaki tisa, ahsante kwa kutouliza


Tarehe 22 Juni

Babu,

Shikamoo. Nimefanya yote. Upepo sawa. Uzi umenyooka. Shokapu nzima. Bushi moja ya nyuma kulia ilikuwa imepasuka, nimeweka mpya. Bado linatupa.

Nimeona jambo lingine. Kona za kulia halitupi. Za kulia linafanya kinyume, pua inasukuma mbele, haitaki kuingia. Nakata usukani na linaendelea kwenda.

Fundi anasema nikikanyaga mafuta na nisiachie litatulia. Nimejaribu mara mbili kwenye kona ya tangi. Mara ya kwanza lilitulia.

Watu wanauliza kama nalala. Nalala vizuri. Nalala sana. Jirani analeta chakula, nasema ahsante, nala, narudisha sahani. Shati la mume wangu lilikuwa kwenye kamba tangu wiki ile. Nimelianua jana kwa sababu lilianza kupauka bega moja.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Juni

Mke wangu,

Mara ya kwanza lilitulia. Na mara ya pili? Unaandika kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Umenichanganya. Nilikuwa nimeshaandaa majivuno yangu juu ya bushi, nimemwambia hadi shangazi yako, "Nimelitibu kutoka kitandani!" Akasema hongera, akanipa dawa. Sasa ndio hivyo. Majivuno nimeyameza pamoja na dawa.

Kushoto linatupa mkia, kulia linasukuma pua. Gari moja, tabia mbili. Kitu kilichopasuka huwa hakichagui hivyo, kinasumbua tu. Hapa naona mizani ya gari imepinda, uzito haukai sawa kwenye magurudumu. Lakini mizani ile niliiweka mimi! Unakumbuka? Tulikwenda kwenye ghala la nafaka, tukaazima ile mizani ya magunia. Gurudumu moja juu ya mizani, matatu mengine juu ya mbao za kimo kile kile, tukahamisha moja moja kuzunguka gari lote. Wewe umekaa kwenye usukani umenuna kwa sababu una njaa. Mwizi kiti cha pili ameshika kikombe. Nikamwambia, "Weka kikombe chini, na usipumue, ukipumua mizani inacheza." Maskini, akaamini! Akashika pumzi mpaka macho yakamtoka, na mimi chini pale nazungusha pete za springi, zile za kupandisha na kushusha gari, taratibu makusudi, nimuone atafika wapi. Wewe ndiye uliyeanza kucheka. Tulipomaliza, nafasi kati ya tairi na bodi ilikuwa vidole viwili, nyuma kushoto na nyuma kulia, sawasawa.

Basi fanya hivi. Kaa kwenye kiti chako, shemeji akae chake, mikanda mfunge. Fundi wa betri apime kwa vidole nafasi ya juu ya tairi la nyuma, kila upande. Vidole anavyo, hata kama hana vingine. Niandikie anachopata. Na mpaka nikujibu usilipeleke kwenye kona ya tangi. Hilo si ombi.

Babu


Tarehe 4 Julai

Babu,

Shikamoo. Fundi amepima, sote wawili tukiwa ndani.

Nyuma kulia vidole viwili. Nyuma kushoto vidole vitatu na nusu.

Shemeji anakusalimu.

Mjukuu wako


Tarehe 8 Julai

Mke wangu,

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ina urefu wa kidole kimoja na nusu.

Kushoto hakuna mtu. Hata shemeji angekuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, gari lingeinama kidogo kwa adabu. Hili limeinuka. Kwa kunyanyuka kiasi hicho, si mtu tu aliyekosekana, kuna na vitu. Nadhani hata kiti chenyewe hakipo. Niambie nimekosea.

Na nikueleze ugonjwa, kwa sababu sasa nauona kama niko chini ya gari. Lile gari nililipima na watu wawili ndani. Sasa upande wa kushoto nyuma hauna uzito wa kuliweka gurudumu chini. Ukikata kushoto, mzigo wote unakimbilia kulia, gurudumu la kushoto nyuma linabaki linapapasa kama kipofu, la kulia linabeba peke yake mpaka linashindwa, na mkia unatoka. Ukikata kulia mambo yanageuka, nyuma inashika kupita kiasi na pua inasukuma. Hakuna kilichovunjika. Ungebadilisha bushi mpaka dukani ziishe.

Unajua kilichonichelewesha? Ulipoandika kushoto tu, siku ya kwanza, ningepaswa kuliona. Fundi yeyote angeliona. Lakini kila nikilifikiria lile gari, namwona amekaa pale na kikombe chake. Mimi sikuja kuzika, mke wangu. Kwangu mimi bado yumo ndani.

Sasa nisikilize. Rudisha kiti. Tia mchanga kwenye magunia madogo uzito wa Mwizi, ufunge mkanda, ulijaribu gari kwenye uwanja tambarare. Mkia ukitulia tumemaliza ubishi. Na uniandikie kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina nyonga ya kuja kwenye kifo kingine.

Babu


Tarehe 19 Julai

Babu,

Hujakosea.

Kiti nilikitoa mwenyewe, kwa spana zako. Sponji yake ilikuwa imebonyea umbo la mume wangu. Nilikuwa nikikata kona nakiona kwa pembe ya jicho. Nimekiweka stoo kimetazama ukutani. Gurudumu la akiba lililokuwa nyuma yake nalo nimelitoa, na sanduku lake la vifaa. Nilianza na kiti, halafu nikashindwa kuacha. Nilitoa hadi ile chupa ya maji.

Shemeji hajawahi kupanda. Alikuja mara moja, akalitazama gari, akalia, akaenda. Niliona afadhali yake.

Sikukwambia kwa sababu ungesema nisiendeshe. Nyumbani watu wanaongea nami polepole kama mgonjwa. Ndani ya gari hakuna anayeongea. Njia naijua, haihitaji kusomwa, na mbio za mlima zinaruhusu mtu mmoja.

Mchanga sitaweka. Siwezi kuufunga mchanga mkanda wake.

Uliuliza mara ya pili kwenye kona ya tangi. Mkia uligusa ukuta. Taa ya nyuma ya kulia imevunjika. Nilishuka nikaokota vipande ili tairi za watu zisipasuke. Mikono haikutetemeka. Niliitazama nione kama itatetemeka.

Sio kwamba nataka kufa, Babu. Ila sioni tofauti.

Mjukuu wako


Tarehe 23 Julai

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nikatafuta mzaha wa kuijibu. Nimetafuta huku na huko kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani. Sina. Shangazi yako ameniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia nyonga.

Mchanga usiweke. Nilikosea. Lilikuwa wazo la fundi, na wewe hukuhitaji fundi peke yake.

Lakini gari hilo likiendelea hivyo litakuua, utake usitake, na halitakuuliza kama unaona tofauti. Nimetengeneza magari miaka hamsini, sijawahi kumwogopa dereva anayeogopa. Anayeogopa anapunguza. Yule ambaye mkono hautetemeki ndiye tunayemtafuta korongoni kwa kamba. Mimi huku naogopa badala yako, naogopa asubuhi mpaka chai inapoa, lakini woga wangu hauwezi kukanyaga breki ya huko.

Kwa hiyo ni hivi. Gari lile lilipimwa la watu wawili. Lipimwe upya, la mtu mmoja. Nenda ghala lile lile la nafaka, mzee wa mizani bado yupo, ni mbishi lakini mwambie umetumwa na yule aliyemshinda bao mara nyingi. Kaa kwenye kiti chako, mkanda umefunga, mikono kwenye usukani, asiingie mtu mwingine hata kukupa maji. Fundi wa betri azungushe pete za springi za nyuma, robo kwa robo, arudi kwenye mizani, arudi tena, mpaka gurudumu la kushoto nyuma lipate haki yake. Na usipumue.

Mwezi wa nane sikukatazi. Nikikukataza utakwenda, nawajua wake zangu. Ila lipimwe. Nimekuomba jambo moja tu tangu nikuoe ukiwa na miaka mitatu, nalo ni hili.

Babu


Tarehe 11 Agosti

Mke wangu,

Mbio zilikuwa jana. Barua hakuna. Simu shangazi yako anasema hailii, na mimi hata ikilia sisikii, kwa hiyo nimemkalisha karibu nayo na amekasirika.

Andika. Hata matusi. Hata "sijambo," nitaiamini.

Babu


Tarehe 13 Agosti

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na meno yamebaki mangapi?

Nimechelewa kwa sababu kila nikianza barua nalia, na karatasi hizi zinalowa, ni nyepesi. Hii ni ya nne. Nivumilie.

Nilikwenda ghalani. Mzee wa mizani anasema hukumshinda bao hata siku moja, uliiba kete. Alitazama ndani ya gari, akaniuliza, "Wa pili yuko wapi?" Nikamwambia hakuna wa pili. Ndiyo mara ya kwanza nalisema neno hilo kwa mdomo. Akaitikia kwa kichwa, akaleta mbao. Nikakaa, nikashika usukani, fundi wa betri akaingia chini, naye mzee wa mizani akaniambia, bila mtu kumwambia, "Usipumue, bibi, mizani inacheza." Kumbe mlikuwa mnamdanganya wote wawili! Siku zote zile! Nikacheka. Nilijisikia kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, halafu damu inarudi. Inauma zaidi kuliko ganzi yenyewe. Fundi akapiga kelele toka chini, "Usitikisike!"

Tulirudia mpaka vidole vikawa viwili na viwili.

Siku moja kabla ya mbio nililijaribu uwanjani. Kushoto, kulia, kushoto. Lilikuwa limetulia kama zamani. Nikaona basi.

Siku ya mbio nilipanda vizuri. Chini kabisa ya mlima muda wangu ulikuwa mzuri, wameniambia. Nikafika kona ya tangi la maji. Nikaingia, nikaachia mafuta makusudi, nilijaribu gari. Mkia ukaja kidogo tu, ukarudi wenyewe, gari likanyooka. Na palepale, wakati limeshanyooka, hatari imeshapita, ukuta uko nyuma yangu, tumbo likashuka. Lilishuka lote. Nikaanza kutetemeka toka magotini. Nikaona ule mchubuko wangu wa rangi kwenye mawe, kwenye kioo, na nikaona jinsi nilivyokuwa nimepita pale mara zote zile. Nikakanyaga breki, nikaegesha pembeni, nikatoka mbioni.

Msimamizi mwenye bendera akaja anakimbia. "Dada, gari limekufa?"

"Gari zima," nikamwambia.

"Sasa nini?"

"Naogopa."

Hakuelewa, akanipa maji. Nikalia pale mpaka magari yote yakapita. Kisha nikashuka mlima gia ya pili, taa zimewashwa mchana kweupe, nyuma yangu foleni ya watu wanapiga honi.

Niliogopa, mume wangu. Ulisema nisikilize, nikasikiliza.

Kiti nimekitoa stoo. Sijakifunga, kiko sebuleni, kimetazama dirishani, na jirani anadhani nimerukwa na akili. Nyonga ikiunga nakuja kukuchukua kwa gari hili hili. Lakini wewe na ufupi wako huo, na ulivyokonda kwa kunyimwa sukari, hutafika hata nusu ya Mwizi.

Itabidi tulipime upya.

Mke wako